Gauni la Fundi Seremala

Mlinzi alifungua mfuko wake wa nguo za dobi akakuta suti ya harusi. Mwenye suti naye, saa mbili kabla ya ndoa, akaambiwa hana mfuko.

Lebo ya mfuko ule niliichapa mimi, kwa mkono wangu huu.

Hilo lilikuwa kosa la tatu mwezi ule. Duka la dobi ni la shangazi yangu, na hakunificha.

"La nne, unafungasha, unarudi kwenu. Mtu ameishia shule ya msingi, nikampa kompyuta! Nilijitakia."

Kutwa nimesimama kwenye sakafu ya maji, pua imejaa sabuni. Hata hasira inataka nguvu.

Nikaamua kutazama tu.

Kwenye kompyuta yetu kuna dirisha kubwa, unaandika jina la mteja. Ukibonyeza, linafunguka dirisha dogo. Humo unaorodhesha nguo na kuchapa lebo.

Siku ya kwanza shangazi aliniambia, "Hilo dogo usilifunge. Kufunguka tena ni safari."

Foleni ikiwa fupi nililifunga tu, mimi sipendi kitu kiachwe wazi. Foleni ikiwa ndefu nilifuata amri.

Makosa yote matatu yalitokea siku za foleni.

Nikakodoa macho siku mbili. Nikaona. Nikanyamaza. Begi langu nikaliweka chini ya meza, tayari.

Siku ya tatu shangazi akamwita kijana aliyeitengeneza ile programu.

"Mwonyeshe huyu kwamba mashine haina kosa."

"Shangazi," nikasema, "si ungemwonyesha wewe, nami nijifunze?"

Akakaa. Akamwandika fundi seremala, suruali mbili. Akachapa. Dogo akaliacha wazi. Kwenye kubwa akamwandika mwalimu, kwenye dogo gauni moja. Akachapa.

Kijana akaichukua lebo, akasoma.

"Mama, gauni hili la fundi seremala? Analivaa akipiga randa?"

Wateja wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka.

"Dogo linapewa jina mara moja tu, likifunguka," kijana akasema. "Kubwa likibadilika, lenyewe halina habari. Nilijua mtalifunga kila mteja. Nani aliwaambia mliache wazi?"

Mimi nakunja mashati.

"Basi nitalirekebisha. Kubwa likibadilika, liliambie dogo." Akaniinamia. "Dada, wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu jana."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, nani angesikia?"

Shangazi akainuka, akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Akaliona begi langu.

"Hilo litoe hapo, watu watajikwaa. Na kesho uwahi."

Msamaha wenyewe ndio huo. Nikaupokea, nikaendelea kukunja.

Nawe uliye na mtoto, au mfanyakazi: ukimtuma, kisha ukabadili shauri akiwa njiani, mkimbilie umwambie. Usimsubiri mlangoni na fimbo.