Siku Nilipomkimbiza Mama Mkwe

Jamani, chekeni sasa hivi mmalize kabisa, maana nikianza sitaki kukatizwa. Mimi fundi cherehani wa Unguja, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, nilimkimbiza mama mkwe wangu shambani mchana kweupe, na kijiji kizima kikatoka kutazama.

Nilifika Arusha na msafara wa wafanyabiashara, nikabaki hapa Ngarenaro kuwashonea maaskari wa boma la Wadachi, Wajerumani wale, nikaoa Namnyaki, binti wa Kiarusha kutoka huko juu mlimani. Nikawa mtu wa kushangaa kila kitu na kucheka kila kitu. Baridi ya asubuhi inagonganisha meno, mahindi wanayachanganya na maziwa ya mgando, na watoto hawakuambii shikamoo, wanakuinamishia kichwa uwaguse (siku za mwanzo nilidhani wananionyesha chawa). Basi jioni moja, mbele ya wageni wangu, nikasema kwa sauti kwamba watu wa mlimani hawana adabu. Asubuhi Namnyaki alifunga nguo zake akarudi kwa baba yake.

Nyumba ilinishinda. Nilimkumbuka mpaka nikamshonea askari mmoja suruali ambayo mguu mmoja unatazama mbele na mwingine unarudi Unguja. Nikaona hapana, bora nikajishushe, nikavaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, nikachukua doti ya kanga kwa ajili ya mama mkwe, nikapanda mlimani.

Sasa, Namnyaki alishawahi kuniambia, tena zaidi ya mara moja: "Ukikutana na mama njiani, mpishe. Usimtazame, usimsemeshe; kwetu ndiyo heshima ya mkwe." Mimi nikayachukulia ni maneno tu, kwani kwetu mkwe ni mama, unambusu mkono, na mgeni akikataa mara ya kwanza unambembeleza.

Nikiwa karibu kufika nikamwona anakuja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Hatukuwahi kuonana, lakini nilimjua kwa mwendo, ule ule wa binti yake, naye alinijua kwa kanzu (nani mwingine huko juu anavaa kanzu?). Akajifunika uso, akageuka, akaingia kwenye migomba. Hapo ndipo ilipofaa nipite zangu. Nikasema moyoni, anaona haya tu, ngoja nimtoe wasiwasi, nikamfuata.

Akaongeza mwendo, nikaongeza. Akatupa majani, akakimbia, nami nikakusanya kanzu mkononi nikakimbia, huku napunga kanga na kupiga kelele, "Mama! Mama usiogope! Ni mimi mkweo!" Kiswahili hakijui, basi kila nilivyozidi kumtuliza ndivyo alivyozidi kuchanja mbuga, na mama yule, niwaambieni ukweli, ana mbio. Aliruka mfereji wa maji kama mbuzi. Mimi nikaruka nusu.

Nilipoinua kichwa kutoka kwenye tope, kofia imeshachukuliwa na maji, na vijana wenye marungu wamenizunguka. Baba mkwe akaja taratibu na fimbo yake. Kiswahili alikipata kwa kuuza ng'ombe mjini.

"Mkwe," akasema, "huyu mke wangu ulikuwa unamkimbiza umpeleke wapi?"

Nikaeleza nilichokuja kufanya. Akatikisa kichwa. "Namnyaki haondoki. Siwezi kumrudisha binti yangu kwa mtu wa namna hii."

Namnyaki alikuwa amesimama pale pale, uso ameukunja. Nilivunjika moyo, ndugu zangu, na sitawaficha, nililia, na tope lile likachuruzika mpaka kidevuni. "Asiye na adabu ni mimi," nikamwambia. "Kwenu nimekuta watu wenye adabu zao."

Halafu nyuma ya migomba ikasikika sauti ya mwanamke, anahema na anacheka papo hapo. Namnyaki akatafsiri, macho chini: "Mama anasema tangu azaliwe hajaona mwanamume akimkimbilia mkewe hivi, hata kama njia ameikosea. Anasema baba aache ukali."

Baba mkwe akaguna. "Haya, mshukuru. Lakini usimtazame. Ongea na mgomba huo."

Basi mimi, nimelowa chepechepe, nikauinamia mgomba nikasema, "Ahsante sana, mama. Nisamehe, mama." Vijana waliangusha marungu kwa kicheko. Namnyaki alijizuia, akajizuia, mwisho akakaa chini akishika mbavu. Alipoinuka akaenda kuchukua mzigo wake wa nguo, turudi nyumbani.

Tangu siku hiyo nimeapa: nikimwona mwanamke mtu mzima njiani, naingia porini kwanza, kuuliza ni nani baadaye. Juzi nimejitosa kwenye upupu nikajificha humo nawashwa mwili mzima mpaka apite, kumbe ni mke wa Mgiriki mmoja muuza mikate, ananitafuta nimpunguzie gauni.