Laini Saba kwa Kidole Changu

Simu zote za nyumba yetu zilikuwa kwa jina langu. Baba alifariki kwanza, mama akamfuata baada ya miezi michache. Nilikuwa darasa la sita, na nyuma yangu walikuwepo watatu. Niliacha shule nikaingia kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, na chumvi ndiyo iliyowalea. Ilipokuja amri ya kusajili laini kwa alama za vidole, mwenye kitambulisho nilikuwa mimi peke yangu. Basi nikasajili ya kwangu, ya mdogo wangu anayeziba pancha za malori Chalinze, ya dada yake aliyeolewa Miono, na ya kitindamimba wetu, msichana, aliyekuwa bado sekondari. Laini nne. Siku ile nilijiona baba hasa.

Wakala wa laini alikaa chini ya mwavuli karibu na soko. Chumvi hula ngozi, na vidole vyangu vilikuwa vimelika vikawa kama kioo.

"Weka tena," akasema. Nikaweka. "Tena. Kaka, hivi ni vidole au umeazima kwa mjusi? Futa kwenye suruali, weka tena."

Watu kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka. Sikuangalia niliweka mara ngapi.

Miaka ikapita. Kitindamimba alisoma kompyuta chuoni, akaingia jeshini, na mwaka jana akapendekezwa kwenda kwenye kamandi ya mtandao. Alinieleza kwa simu kwa maneno machache: ni watu wa jeshi wanaopambana na maadui wanaopita kwenye kompyuta. "Watakuja kuuliza habari za nyumbani, kaka. Wajibu tu."

Wakaja shambani kwenyewe. Mama anayetuuzia chapati aliliona gari kabla yangu.

"Wewe!" akapiga kelele. "Miaka yote tunakuona mpole. Umefanya nini mpaka unafuatwa na gari la vioo vyeusi?"

Akashuka kapteni, mwanamke wa makamo, amevaa kiraia. Alinisalimia vizuri, akageuza ndoo yangu na kuikalia, akafungua faili. Aliuliza wazazi walifariki vipi, nani anaingia kwetu, nani yuko nje ya nchi. Nilijibu yote. Kisha akauliza nina laini ngapi.

"Nne. Moja yangu, tatu za wadogo zangu."

"Kwa jina lako zipo saba," akasema. "Na moja inatuma watu ujumbe. Ule wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'."

Nilisimama na reki ya kuvutia chumvi mkononi. Akafunga faili. "Nitarudi keshokutwa. Mtu hawezi kulinda milango ya jeshi wakati nyumbani kwao kuna laini ya matapeli. Fikiri, kaka yangu."

Alasiri ile ile kitindamimba akapiga. Alikuwa ameshaambiwa.

"Sema zilipotea."

"Sijawahi kuwa nazo. Nizipoteze vipi?"

"Kaka, ukisema kidole ni chako watakupeleka polisi, na mimi nitatolewa. Wenzangu wana baba zao wa kuwasemea. Mimi nina wewe tu."

Alikata yeye. Kwa siku mbili nilivuta chumvi bila kuzungumza na mtu. Sikuwa na mkubwa wa kumuuliza. Tangu darasa la sita sijawahi kuwa naye, lakini mara nyingi nilikuwa na kazi nyingi kiasi cha kutokuliona pengo hilo. Safari hii nililiona.

Kapteni aliporudi nilimwambia: "Kidole ni changu. Laini si zangu." Nikamsimulia mwavuli, foleni, na yule wakala na mjusi wake. Alisikiliza bila kuandika. Kisha akatoa kwenye gari mashine ndogo ya alama za vidole, kwa sababu ilibidi achukue zangu kwa ajili ya faili.

Nikaweka. Haikusoma. "Weka tena," akasema. Haikusoma. "Tena." Ilipofika mara ya nne akaushika mkono wangu, akaugeuza kwenye jua na kuuangalia.

"Nikiweka tena," nikamuuliza, "mimi nitajuaje unasajili nini?"

Ndipo akaanza kuandika, akaandika kwa muda mrefu. Wiki ile nikaenda na barua yake kwenye ofisi za simu, laini tatu zikafungwa. Nilihojiwa na polisi kutwa nzima, nikaachiwa. Baada ya mwezi mdogo wangu akapiga, akasema neno moja tu: "Wamenichukua." Kisha akalia.

Siku ya familia, kamandi ilitualika. Simu zetu zote ziliwekwa kwenye sanduku getini. Nilikalia kiti kilichobandikwa karatasi ya MZAZI. Ofisa mmoja mwenye mvi alitueleza kamandi ilikotoka. Mwanzo, alisema, walikuwa watu wa mawasiliano, wenye redio mgongoni na waya za kufukia. Zikaja kompyuta, wakapewa chumba kimoja, na askari wenzao wakawaita makarani wa umeme. Chumba kikawa kikosi chini ya mawasiliano. Wavamizi walipozidi, kikosi kikatolewa kikasimama peke yake, na mkuu wake mwenyewe.

"Tuna sehemu nne," akasema. "Ya kwanza inalinda mitambo ya jeshi. Ya pili inamtafuta aliyekwisha kuingia. Ya tatu inafundisha. Ya nne sina maelezo."

Wazazi wakacheka. Nilimtafuta mdogo wangu kwenye mstari, hakucheka. Nikajua yuko sehemu gani.

Tulipoagana aliniambia namba yake ya zamani itafungwa. Mtu wa kule hatumii laini yenye jina la mwingine. Wale wa Chalinze na Miono nao wana vitambulisho siku hizi, wakahamisha za kwao. Kwa jina langu imebaki laini moja.

Anapiga anapoweza, kwa namba nisizozijua. Huku kwetu watu hawapokei namba ngeni kwa kuogopa matapeli. Mimi napokea zote. Simu naifunga kwenye mfuko wa nailoni isiliwe na chumvi, naiweka mfukoni mwa shati, na ikilia naacha reki. Mara nyingi ni mtu ananiambia nimeshinda zawadi. Namsikiliza sentensi moja, nione kama sauti ni yake, halafu nakata.

Wiki iliyopita ilikuwa yake.

"Shikamoo, kaka. Umekula?"

"Marahaba. Nimekula. Uko wapi?"

Nikasikia feni ikizunguka upande wake.

"Basi, usijibu," nikasema.

"Vidole vinaendeleaje?"

"Havisomi bado."

Akacheka, kicheko kile kile cha tangu mtoto. Kisha mtu akamwita, si kwa jina tulilompa sisi, akaitika na kukata.