Meli Iliyouacha Msafara

Kuna Jumamosi moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilitamani kitu kimoja: niruhusiwe kuwafundisha historia watoto wetu katika ukumbi wa parokia, hapa ugenini Ulaya, mtaani Molenbeek. Mwenye kuamua alikuwa Papa Kasongo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mzee huyo alikuwa akitia makaa tanuruni katika meli ya mizigo iliyovusha shaba ya Katanga hadi Ulaya.

Nilijiandaa miezi mitatu kwa vitabu vya maktaba, bila mwalimu. Jumamosi hiyo, mbele ya mzee na watu wa parokia, nikapanga viberiti tisa mezani, ndio msafara wa meli za mizigo. Kifuniko cha chupa kilikuwa meli ya kivita inayoulinda. Kijiko, nyambizi ya adui. Nikaeleza jinsi nahodha shujaa anavyoifukuza nyambizi mpaka aizamishe. Kifuniko kikakifuata kijiko hadi ukingoni mwa meza. Watu wakapiga makofi.

Papa Kasongo akachukua kijiko chake cha kahawa. Taratibu akakipitisha kati ya viberiti, akaangusha kimoja sakafuni. Kisha kingine.

“Bon, mutoto. Nahodha yako iko wapi?”

“Anafukuza adui, papa.”

“Na siye, tunabakia na nani?”

Maman Béa, mpishi wa parokia, akacheka. “Papa, umwachie! Ni viberiti tu!”

“Hapana, maman. Mu ile meli ya pili yenye ilianguka mulikuwa mudogo yangu.”

Ningeweza kujitetea kwa kutaja kitabu na ukurasa. Nilikuwa navyo vyote kichwani. Lakini nikakirudisha kifuniko kando ya viberiti saba vilivyobaki.

“Nimekosea,” nikasema. “Alipaswa kuilazimisha nyambizi ijifiche chini, kisha arudi upesi. Kazi yake ilikuwa kuwafikisha watu wa msafara.”

Mzee akaweka kijiko chake chini.

“Samedi, Jumamosi yenye kuya, uanze na batoto. Alors, usichelewe.”

Nimewafundisha tangu siku ile, na ninajivunia. Zaidi najivunia wale wa kwetu, walioshika koleo mle chini ndani ya meli, wasiione hata bahari iliyotaka kuwameza. Wengi hawakurudi, lakini shaba ilifika.

Mwanangu, ukikabidhiwa watu, usiwaache ukakimbilia ugomvi wa kukuletea sifa. Mzuie adui, kisha rudi kwao. Jioni usijiulize umeshinda wangapi; jiulize wangapi wamefika.

Mungu akupe subira ya kukaa na walio wako, na siku utakapoitwa kutoa hesabu yao, asikosekane hata mmoja.