Nilipokuwa Macho ya Bibi

Wiki iliyopita niliingia katika mojawapo ya majengo mapya ya vioo katikati ya Kigali kutafuta uzi. Gauni langu lilikuwa limefumuka pindo, nikapanda ngazi za umeme hadi kwenye duka la vifaa vya kushonea, kwa binti mmoja mchangamfu. Nikamwambia nataka uzi wa rangi ya gauni hili. Hakuliangalia gauni. Akaniuliza, "Ni namba ngapi, dada?" Nikamwonyesha pindo. Basi akalipiga picha kwa simu yake, akasoma alichosoma, akanipa uzi. Ulifanana vizuri tu, siwezi kumsingizia. Lakini nilitoka pale nikiugeuzageuza uzi ule kwenye mwanga, kwa sababu, rafiki yangu, mimi nimekulia katika kazi hiyohiyo, na enzi zetu rangi hazikuwa na namba.

Tulikaa Nyamirambo, kwenye mteremko, mimi na mama na bibi mzaa mama. Mama alikuwa karani huko Kacyiru, akiondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, kwa hiyo siku zangu zote zisizo za shule zilikuwa mali ya Bibi. Bibi alikulia Tanzania na kurudi Rwanda akiwa na mvi tayari, na Kiswahili chake alikileta kizima kama sufuria aliyoifunga vizuri kwenye mzigo. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia mafundi cherehani wa Biryogo vitu vya kulinganisha. Walimkabidhi vipande vya vitambaa, naye akazunguka mji mzima kutafuta uzi, zipu, vifungo na bitana za rangi ileile. Sifa yake ilikuwa kwamba hajawahi kurudi na kitu kisichofanana.

Siri ilikuwa kwamba Bibi alikuwa anapofuka. Rangi ndizo zilizomtoka kwanza, zikaanza kuchanganyikana machoni mwake, na aliyejua ni mimi peke yangu. Hata mama hakujua. Fundi mkuu, mwanamume mpole mwenye kanzu na tepu shingoni, alimwambia siku moja, bila ubaya wowote, "Mukecuru, macho ikichoka utuambie, tutafute mutu mwingine." Mukecuru ndivyo wanavyomwita mama mzee kwa heshima. Bibi alicheka, akasema macho yake yatamzika fundi. Bila kazi ile angekaa sebuleni siku nzima kama kiti, na jambo hilo alilihofia kuliko giza lenyewe.

Kwa hiyo tulibuni mtindo wetu. Dukani Bibi alishika kipande cha kitambaa mkono mmoja, na mkono mwingine akanishika mimi. Kisha akadai uzi upelekwe mlangoni, kwenye mwanga wa jua, maana taa za madukani, alisema, zinadanganya. Alikunja uso, akainua uzi pamoja na kitambaa, akavizungusha kama mtu anayepima kweli. Mimi nikimbana kidole kidogo, ni huo. Nikikiachia, sio. Wauzaji waliokuwa wakimtazama waliambiana kwamba mama huyu hana mchezo.

Njiani ndiko nilikosomeshwa hasa. Tulianzia vichochoro vya Biryogo, chapati zikigeuzwa na chai ya maziwa ikinukia tangawizi, cherehani zikilia kila kibaraza, adhana ikipita juu ya mabati. Tukapanda hadi mjini, kwenye maduka yale marefu ya veranda, yamebanana, vitenge vimening'inia mpaka vinakufuta uso. Siku nyingine tulikwenda soko la Kimironko, ambako harufu ya dagaa inakupokea kabla ya watu. Na kote huko Bibi aliuliza, "Ile ni rangi gani?" Nikisema kijani, ananikatiza. "Kijani ni jina la ukoo. Mimi namtaka mtu mwenyewe." Basi nikajifunza kusema kijani cha nyama ya parachichi pale karibu na ganda. Nikisema njano ya kiini cha yai, anataka kujua yai la kienyeji au la kisasa. Nilichoka! Kuna siku nilimwambia kila kitu ni cheusi ili aniache nile andazi langu kwa amani.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya bitana ya koti. Fundi alitupa kipande chekundu kilichokolea, karibu kuwa cheusi. Kwa Kiswahili cha huko Bibi alikokulia, rangi hiyo ina jina lake, na kila mtu analitaja bila kuwaza chochote. Bibi akaingia katika duka moja la veranda, akamwambia muuzaji, mzee mwenye miwani, "Nipe kitambaa cha damu ya mzee."

Mkono wa yule mzee ulibaki juu ya meza, mita yake ya mbao imesimama nusu. "Mukecuru," akasema taratibu, "unasema damu ya nani?"

Mimi mtoto nilijua kwamba katika mji wetu hilo si neno la kutupwa hovyo juu ya meza ya duka. Bibi alikuwa mbali miaka ile ya mauaji, ambayo mzee huyu alikuwa hapa. Niliona uso wa Bibi ukielewa. Akaniachia mkono, jambo ambalo hakulifanya kamwe tukiwa kazini, akashika meza kwa mikono yote miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Ni rangi tu. Huko tulikotoka ndivyo wanavyoiita."

"Najua hauna ubaya," mzee akajibu. "Lakini hapa usiite vile." Kisha akateremsha jora, akatukatia bitana ile mwenyewe, akaikunja vizuri kuliko kawaida.

Tulitembea mpaka sokoni, na pale kwenye matunda Bibi akasimama. "Ile rangi haiwezi kukaa bila jina," akasema. "Itafutie jingine." Nikaangalia vibanda, nikaona rundo la vinyomoro, yale matunda machachu ya kutengenezea juisi yenye ganda jekundu la kung'aa, lililokolea. Niliweka bitana juu yake. Nikambana kidole. Tangu hapo, nyumbani kwetu, rangi hiyo ni kinyomoro, na mama naye hulitumia jina hilo mpaka leo akidhani ni Kiswahili sanifu.

Halafu nikachaguliwa kwenda shule ya bweni, mbali, kusini. Nilikataa. Nililia, nikasema tumbo linauma, nikasema shule ya jirani inatosha. Mama hakuelewa kitu. Bibi alielewa vyote, akajifunga kitambaa chake cha kanisani, akanishika mkono mpaka Biryogo. Mbele ya mafundi wote akasema, "Macho yangu ni ya huyu mtoto. Na macho yanakwenda shule." Fundi mkuu alisimamisha cherehani. Akaagiza chai, akamtengea Bibi kiti. Sijapata kuona mtu akinywa chai amenyooka vile.

Sasa Bibi hayupo. Mafundi wengi wamehama, maduka ya veranda mengi yamebomolewa, na vichochoro vya Biryogo vimepakwa rangi chini, vijana wanakuja kupiga picha. Sina kinyongo, mji ni msafi na unapendeza. Ninachokikosa ni mtu wa kuniuliza.

Likizo yangu ya kwanza kutoka bweni, Bibi alitaka tutembee, ingawa hatukuwa na kipande cha kitambaa cha kulinganisha. Nilimpeleka Kacyiru, kwenye nyumba moja ya sanaa, nikamsomea picha ukuta kwa ukuta. Tulifika kwenye ng'ombe wa bluu, akauliza kama mchoraji anaumwa, na mchoraji mwenyewe, aliyekuwa nyuma yetu, akacheka hadi akakaa chini. Tukaendelea mpaka picha zikaisha. Kisha Bibi akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, siku hizi ukoje?"

Nilikuwa nimemtajia Kigali nzima, na sikuwahi kufikiria kwamba uso wangu anaoujua ni wa mtoto mwenye mapengo. Picha moja ilikuwa imefunikwa kwa kioo. Nikasogea hadi nikajiona, nikaanza kumweleza polepole, kuanzia kipaji cha uso. Alinishika mkono, na hakuuachia mpaka nilipofika kidevuni.