Jino la Fundi Cherehani

Mjini kwao walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu jino lilikuwa limeshatoka mgonjwa akiwa bado anauliza ataanza lini. Kwa miaka kumi na miwili aliendesha zahanati yake ya meno, chumba kimoja na kiti kimoja, na sifa zikamvimbisha kichwa. Alipotimiza miaka arobaini na mmoja alifunga mlango akaenda hospitali kubwa kusoma mwaka mmoja zaidi, kwenye mafunzo ya madaktari wa meno wanaotaka kuyamudu matibabu magumu. Wenzake walikuwa vijana watupu. Walimwita Mzee, naye akajifanya hajali.

Kila Jumanne asubuhi walikutana kabla ya wagonjwa kuingia. Mwalimu wao, mama mmoja mfupi asiyependa porojo, alionyesha picha ya eksirei ukutani, jina la mgonjwa likiwa limefichwa. Siku hiyo ilikuwa picha ya gego la chini. Ndani ya mzizi mmoja kulikuwa na kimstari cheupe, chembamba, kimenyooka.

"Kisindano cha kusafishia mzizi," mwalimu akasema. "Kimekatikia ndani, mtu akaziba juu yake kana kwamba hakuna lililotokea. Mgonjwa hakuambiwa. Sasa kuna usaha."

"Huyo si daktari, ni fundi baiskeli!" kijana mmoja akadakia, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mkono Mwepesi naye akacheka, tena kuwashinda wote. Lile jino alikuwa amelitambua kabla mwalimu hajamaliza kusema. Alikumbuka ule mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjika. Alikumbuka jasho lililomtoka, na wagonjwa sita waliokuwa wakimngoja nje.

Nesi akafungua mlango, akamwingiza mgonjwa.

"Jamani! Kumbe daktari wangu yuko huku!"

Alikuwa mama fundi cherehani, jirani yake wa mlango wa pili kutoka zahanati. Shavu lilikuwa limemvimba, lakini uso uling'aa kwa furaha. Akawageukia vijana. "Huyu ndiye aliyenitibu hili jino. Mna bahati kusoma naye. Kosa ni langu mimi, nilikuwa nakata uzi kwa meno. Alinikanya. Mpaka leo natembea na mkasi shingoni, huu hapa."

Yule kijana aliyetaja fundi baiskeli akaanza kukagua viatu vyake. Mkono Mwepesi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nyinyi tokeni," mwalimu akawaambia vijana. Kisha akamtazama yeye, bila ukali. "Mweleze."

Akaanza kwa kuzunguka mbuyu: kwamba vifaa ni vyembamba, kwamba mizizi mingine imepinda. Mwalimu akakohoa. Akanyamaza, akaanza upya.

"Mama, kisindano kilikatikia ndani ya jino lako mikononi mwangu. Nilijua siku ileile. Uliporudi na maumivu niliogopa jina langu litachafuka, nikasingizia uzi."

"Kwa hiyo uzi hauna kosa?"

"Hauna, mama."

Fundi cherehani akaushika ule mkasi wa shingoni. "Nilikuja kwako mara tatu. Mara tatu ukanisema kama mtoto mdogo, na mimi nikaenda kumgombeza binti yangu kila akitia uzi mdomoni. Halafu nikawaambia watu, nendeni kwa yule, ni mkweli."

"Nisamehe, mama."

"Sijui. Jino linaniuma, siwezi kukujibu sasa hivi. Ila wewe usiniguse. Anitibu mama huyu."

Basi Mkono Mwepesi alikaa kwenye benchi la korido pamoja na wagonjwa, akisikiliza mashine ikilia nyuma ya mlango. Yule kijana aliyetaja fundi baiskeli akaja akasimama mbele yake. "Mzee, samahani kwa lile neno." Hilo lilimchoma kuliko kicheko chenyewe. Baada ya saa moja na nusu fundi cherehani akatoka, kashika shavu, akampita kama anavyopita nguzo.

Mwalimu alitoka nyuma yake. "Kimetoka. Jino huenda likapona."

"Nifunge virago nirudi nyumbani?"

"Ukafanye nini huko? Kesho saa mbili kamili uwe hapa. Na leo uandike ulichofanya, kwa mkono wako, kiingie kwenye faili lake."

Akaandika. Mistari minne ilimchukua mchana mzima.

Jumamosi alirudi mjini kwao, akafungua zahanati iliyojaa vumbi. Mkewe alimkuta sakafuni katikati ya mafaili akamuuliza kulikoni. Akamwambia yote, macho chini. Mkewe hakumtetea wala hakumlaumu; alivuta rundo moja akaketi. Hadi adhuhuri walikuwa wamepata wagonjwa wengine wawili aliowaficha kosa kama lile. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili ikaita.

"Daktari! Shikamoo! Umetutupa siku hizi!"

"Marahaba. Lile jino lako la juu linaendeleaje?"

"Halinisumbui hata kidogo. Una mkono wa dawa wewe!"

Akafumba macho. "Hata hivyo nataka tuonane. Kuna jambo sikukuambia."