Karatasi ya Shamba la Kalunguta

Maktaba ya misheni pale Butembo ilinuka mafuta ya taa, kwa sababu rafu zilipakwa mafuta hayo ili mchwa wasile vitabu. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Shule niliiacha darasa la tatu, vitabu vile sikuvisoma, lakini harufu ile bado ninayo. Kila Jumamosi baada ya soko, karani mmoja, Zakaria Kasereka, alisimama kati ya rafu akiwaeleza watu mambo ya sheria bila malipo: ndoa, urithi, mipaka ya mashamba. Akina mama walikaa kwenye mikeka wamepakata watoto, wakicheka alipoigiza wazee wanaogombania mtaro wa viazi.

Mama yangu, Katungu Rebeka, alikwenda kwa ajili ya shamba la Kalunguta. Baba alikuwa amekufa, na mdogo wake, Paluku, alikuwa ameanza kulitembelea shamba lile kama lake. Zakaria akamwambia mama alete mashahidi watatu watie kidole kwenye karatasi yenye muhuri, atakayoiandika kuonyesha kwamba shamba ni lake. Wakaja Mumbere Stefano, Kahindo Marita na mzee Muhindo Yoana. Mzee Yoana akasita mbele ya wino.

“Hii karatasi itakula kidole yangu?”

“Tia tu, mzee,” Marita akamjibu. “Hata ikikula, ile kidole haikukuwa inalima.”

Hapo ndipo mama alipokosea, na hakuna aliyemwonya. Kwetu, kila baada ya mavuno, mwenye shamba humpelekea chifu wa kilima kuku, kuonyesha kwamba bado analima pale. Mama alidhani karatasi imechukua nafasi ya kuku. Mavuno mawili yakapita, hakupeleka kitu. “Sasa niko na sheria,” alikuwa akisema.

Kisha vita vikafika. Wasimba, waasi waliopigana na serikali, waliingia Butembo, na habari ikaenea kwamba mtu akikutwa na karatasi yenye muhuri anahesabiwa kuwa mtu wa serikali, anauawa. Zakaria walimchukua asubuhi, mkewe Masika akiona, hakurudi. Mama aliitoa karatasi chini ya godoro, akaitia motoni chini ya chungu cha maharage. Kabla ya kuiachilia alinitazama, kana kwamba mimi ningeweza kumzuia.

Vita vilipotulia tulipanda kwa chifu. Paluku alikuwa ametutangulia.

“Mais Katungu, kuku ya hii mavuno mbili, nani alileta?” chifu akauliza, kwa ile “mais” yetu ya Kifaransa, yaani lakini.

“Ni mimi,” Paluku akasema polepole. “Nilisaidia shemeji.”

Mama akaeleza habari za karatasi. Stefano alikuwa amekimbilia Oicha, Marita alikuwa amekufa. Alibaki mzee Yoana, naye akasema, “Kidole nilitia, ndiyo. Mais ile karatasi ilisema nini, hapana jua.” Tukashuka bila shamba.

Siku hizi mazungumzo ya sheria yamerudi Butembo, katika maktaba nyingine yenye viti vya plastiki. Mjukuu wangu Kavira alinipeleka. Wanangu wana shamba la kakao upande wa Oicha. Chifu anawatambua, hati ziko ofisini, nakala tunazo nyumbani. Lakini tangu watu waanze kuuawa mashambani kule, hakuna wetu anayethubutu kwenda, na kakao wanavuna wengine.

“Mwanangu,” nikamwuliza wakili kijana aliyekuwa akitufundisha, “shamba iko na karatasi yote, mais mwenyewe hawezi kufika. Sheria inasema nini?”

Kijana yule aliandika swali langu kwenye daftari lake, akanishukuru kwa adabu, akampa nafasi mama aliyeketi nyuma yangu.