Tundu Juu ya Lango la Ngome

Binti yangu alikuwa mlinzi wa ghorofa kule West Bay, mtaa wa majengo marefu. Kila akienda kazini mjukuu wangu alilia, akidhani majambazi watamuua mama yake. Ijumaa moja binti yangu akatupeleka kutazama ngome ya kale. Juu ya lango kilining'inia kijichumba chenye tundu kwenye sakafu.

"Hicho choo," nikasema.

Binti yangu akacheka. "Choo gani, mama? Adui akisogelea lango, askari walimmwagia asali ya tende inayochemka."

Mjukuu akamuuliza, "Na wewe unamwaga?"

"Mimi nina simu ya upepo. Nikiita tu, wenzangu wanakuja mbio."

Kesho yake mtoto hakulia. Alimpungia mama yake mkono, akamwambia, "Usisahau simu." Alhamdulillahi, nilikunywa chai yangu kwa raha.